Asili ya Asilimia

Nashukuru kwamba mhadhara huu unatolewa kwa Kiswahili. Bunge lilikifanya lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini kwenye kumbi za vyuo bado kinaingia kwa kubisha hodi. Leo kipite mlango wa mbele.

Nianze na somo la darasa la nne. Vitabu vya hisabati vya Kiswahili huiita namba ya juu ya sehemu kiasi, na ya chini asili. Asilimia, basi, ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Neno lenyewe linakutuma utafute asili, nasi tumezoea kulisikia redioni, tukapiga makofi au kununa, kisha tukazima redio.

Tarehe 15 Julai 2024 tulipiga kura ya urais. Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza: Paul Kagame asilimia 99.18, Frank Habineza 0.50, Philippe Mpayimana 0.32. Waliojitokeza walikuwa asilimia 98.20 ya walioandikishwa. Wiki zile mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama asilimia ya namna hiyo hupatikana katika viumbe. Nikamwambia hupatikana kila siku. Zipo jeni zilizoenea kwa karibu kila kiumbe wa jamii yake. Pengine zilienea kwa kuwa zilimfaa aliyezibeba. Pengine ilikuwa bahati tu, kundi likiwa dogo. Pengine ndege wachache walitua kisiwani, na walichokuja nacho kikawa cha wote waliozaliwa baadaye. Namba ya mwisho ni ileile, safari ni mbalimbali, na hakuna mwanabaiolojia anayeweza kuikisia safari kwa kuitazama 99 peke yake.

Ndivyo ilivyo kwa kura. Wapo wanaoisoma 99 ile kama shukrani ya taifa lililosimama tena baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wapo wanaoisoma kama uwanja ambao geti lake lilifungwa mapema. Wote wanasoma safari, wala si namba.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Tunatofautisha uteuzi na uchaguzi. Mgombea huteuliwa kwanza, ndipo achaguliwe. Kwa uchaguzi ule watu 9 waliwasilisha maombi ya kugombea urais, Tume ikapitisha 3. Mpinzani Diane Rwigara, aliyekuwa ameomba, hakuwamo. Mpinzani mwingine, Victoire Ingabire, alikuwa amekwama mahakamani tangu Machi. Maoni yangu ni kwamba anayejadili 99.18 bila kuigusa ile 3 kwa 9 anajadili nusu ya hesabu, awe anasifu au analaumu.

Na zile 0.82 za wagombea wengine wawili? Ni watu zaidi ya 70,000. Uwanja wa Amahoro, uliofunguliwa upya Julai ileile, una viti 45,000. Hawaenei.

Sasa niwapeleke Masaka, huku Kicukiro, Kigali, maana ndiko nilikojifunza kuwaheshimu wachache. Mwaka 2020 Aline Uwimana wa Kituo cha Taifa cha Tiba na Afya, RBC, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa vimelea vya malaria kutoka kwa wagonjwa waliokuwa wametibiwa kwa dawa mseto. Waliopona walizidi asilimia 95. Kwa namba hiyo wizara yoyote ingefunga faili na kwenda kunywa chai. Wao wakaendelea kusoma jeni moja ya kimelea, iitwayo K13, na kati ya wagonjwa 257 wa Masaka wakakuta 19 wenye badiliko linaloitwa R561H. Hiyo ni asilimia 7.4. Maabara ikathibitisha kwamba badiliko hilo linamwezesha kimelea kuivumilia artemisini, uti wa mgongo wa dawa tunazozitegemea, Coartem ikiwemo.

Kilichonikosesha usingizi ni asili yake. Tulikuwa tumezoea kungoja usugu huu utujie kwa ndege kutoka kusini mashariki mwa Asia, kama ulivyokuja ule wa klorokwini. Ukoo wa vimelea ulipochorwa, ikaonekana hawa wa Masaka ni wenyeji: badiliko lilizuka hapahapa. Wala dawa haikuliumba. Kimelea hujinakili mara nyingi mno, na katika kunakili hukosea. Kosa moja likamwezesha kuhimili. Dawa ilipowafagia wenzake, yeye akapata nafasi. Wanasayansi wa Kiswahili huuita mwenendo huo uteuzi asilia, na kwa mara nyingine neno linatukumbusha kwamba hakiteuliwi ambacho hakijakuwapo. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2021, ulikuta badiliko hilo kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hapo Masaka, na safari hii dawa ilikuwa ikichelewa kweli kusafisha damu.

Msinilishe maneno: sijawafananisha wapinzani na vimelea. Ninachosema ni kwamba habari ilikuwa kwa wale 19, na aliyetosheka na asilimia 95 asingeipata.

Nirudi 2024. Julai haijaisha, Rwanda ikatangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox, ugonjwa uliokuwa ukichacha ng'ambo ya mpaka, Kivu Kusini, tangu aina mpya ya kirusi ionekane Kamituga mwaka 2023. Septemba 27 ikaja homa ya virusi ya Marburg. Walithibitishwa wagonjwa 66, wakafariki 15. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, na hilo ndilo jeraha lake. Wizara ilitoa namba siku baada ya siku, za kupanda na za kushuka, na Waziri Sabin Nsanzimana akakaa mbele ya waandishi akaulizwa. Jenomu za kirusi zikasomwa, nazo zilifanana kiasi cha kuonyesha kwamba kilivuka mara moja tu kutoka kwa popo wala matunda wa pango la machimbo, kisha kikatembea kati ya watu. Desemba 20 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Niliiamini ile 15 kwa 66. Niliiamini kwa sababu niliiona ikijengwa.

Jirani zetu wa Kagera walipitia njia nyingine. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Marburg huko. Wizara ya Afya ya Tanzania ikasema sampuli hazina kirusi. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akathibitisha Dodoma kwamba kipo. Mlipuko ulipokwisha, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa, 2 wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote 10 wamekufa. Hakuna aliyepona, na kwangu maana yake ni kwamba hesabu ilianza kwa kuchelewa.

Katika kura, mfano ninaoupenda wa namba inayojengwa hadharani ni wa Kenya, nchi ambayo kwa ugomvi wa uchaguzi haina mpinzani. Agosti 2022 tume yao iliweka mtandaoni picha za fomu za matokeo, 34A, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila kituo na fomu yake. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49, Raila Odinga 48.85. Walibishana, makamishna wanne wakajitenga na matokeo, kesi ikafika Mahakama ya Juu, ushindi ukaidhinishwa. Lakini mwalimu wa Bungoma aliyetaka kujumlisha mwenyewe alikuwa na cha kujumlisha. Ningependa siku moja mwalimu wa Musanze awe na picha hizo pia, na nadhani mshindi wa asilimia 99 hana cha kupoteza kwa kuziweka hadharani.

Tumefika mwisho wa muda. Wanafunzi wangu, sampuli za Masaka ni 19 kwa 257, na makala imechapishwa. Asiyeniamini agawanye mwenyewe. Kalamu na karatasi zipo pale mlangoni.