Kuandika Baridi Kila Siku

Maneno ya Kamati ya Kilimo mbele ya Mkutano Mkuu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu



 Katika sherehe hizi tumesikia sifa za ghala, za lori na za mizani mipya, nazo ni sifa za haki. Lakini hakuna aliyepata kukisifu kile kikopo cha bati kinachosimama nyuma ya ghala la kila chama cha msingi, wala lile sanduku jeupe lenye miguu ambalo watoto hudhani ni mzinga wa nyuki. Hayo ndiyo tuliyokuja kuyasema, nasi twajua kwamba nyama imekwisha kubandikwa motoni, hatutawachosha.

Hivi karibuni limezuka swali katika vyama vya msingi. Je, yafaa karani aache mizani yake kila siku saa tatu asubuhi, akasome kipimajoto katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo mvua haipo na hakuna cha kuandika ila sifuri na baridi? Wako wasemao kwamba vipimo vifungwe mwisho wa Mei na kufunguliwa Novemba, mvua zinapokaribia. Jambo hili litapigiwa kura leo mchana. Twaomba, kabla ya kura, mtusikilize.

Mvua huja kwa kelele, na kila mtu huiona. Baridi ya kipupwe huja usiku watu wakiwa wamelala. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake upesi kuelekea angani. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, ikawa nzito, ikaanza kuteremka mabondeni polepole kama maji yatafutavyo mto. Ndiyo sababu mwenye shamba la mlimani huamka akakuta viazi vyake vizima, na ndugu yake aliye bondeni, mwendo wa dakika kumi tu, akakuta majani yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jalidi haihitaji kipimajoto kilichomo sandukuni kifike sifuri. Sanduku husimama kimo cha kifua cha mtu. Huko laweza kuonyesha nyuzi 3, nayo majani yaliyo chini yamekwisha kuganda. Wenyeji wa Kitulo, uwanda ulio juu mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Sisi wa chini yake kidogo ndio tunaosahau, kwa kuwa jalidi yetu haiji kila mwaka.

Sasa twataka kuungama kosa, na kosa ni letu. Mwaka mmoja katika hii kumi, viazi vya bondeni viliungua, na chai changa ikaungua pamoja navyo. Wanachama walikuja ofisini kuuliza: baridi ilishuka usiku gani, ilikaa siku ngapi, na je, ilikuwa kali kuliko ya mwaka uliotangulia? Lilikuwa swali jema, kwani waliokuwa wakilima viazi kwa mkopo walitaka kujua kama wasogeze mbele siku ya kupanda au waliache bonde lile kabisa. Tukafungua daftari la kituo kilicho karibu. Mwezi wa Juni wote ulikuwa umeandikwa kwa wino mmoja na mkono mmoja, tena bila shaka kwa kikao kimoja: 8, 8, 9, 8, 8, 9. Karani alikuwa ameugua, akarudi kazini, akaona aibu ya nafasi tupu, akaijaza. Hatukumlaumu sana. Sisi wa Kamati hatukuwa tumekwenda kulitazama daftari lile kwa muda wa miezi mitano, wala hatukuwa tumemwambia mtu ye yote kwamba nafasi tupu si dhambi. Wanachama wale waliondoka bila jibu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza wakulima wa nchi nyingine wafanyaje, na mfano uliotufaa kuliko yote ni wa Marekani. Huko majira ya baridi si mchezo: theluji hufika magotini, na mito huwa migumu hata watu wakapita juu yake. Tena wapimaji wake wengi si mabwana wa ofisi. Ni watu wa mashamba, walimu, wenye maduka, wakaao makwao na kufanya kazi hii kwa kujitolea.

Mwanzo wake ni wa zamani. Mwaka 1849 bwana mmoja mwanachuoni, Joseph Henry wa Smithsonian, alikuwa na wapimaji wa kujitolea 150 waliomwandikia hali ya hewa ya kwao. Mwaka 1890 Bunge la nchi ile likapitisha sheria ya kuiondoa kazi ya hali ya hewa kutoka mikononi mwa jeshi na kuiweka chini ya Wizara ya Kilimo. Twapenda mlizingatie jambo hilo. Kutokana na sheria ile ukaundwa mtandao wa vituo vya wapimaji ambao jina lao lina neno lile lile tunalolitumia sisi: ushirika. Mtandao huo ungaliko mpaka leo, na wapimaji wake ni maelfu.

Kazi yao wakati wa baridi ina taabu ambayo hapa kwetu hatuijui. Kipima mvua chao ni mkebe mkubwa wenye upana wa inchi 8, na ndani yake mna faneli na bomba jembamba. Bomba hilo limefanywa dogo kwa makusudi, hata mvua ya inchi moja husimama ndani yake kimo cha inchi 10, ili mtu aweze kusoma sehemu ndogo sana bila kukodoa macho. Msimu wa theluji ukifika, faneli na bomba huondolewa, mkebe huachwa mtupu ili theluji ianguke ndani. Asubuhi mpimaji huuingiza mkebe nyumbani, hutia maji ya moto kidogo aliyokwisha kuyapima, theluji huyeyuka, kisha hupima yote na kuondoa yale aliyoyatia mwenyewe. Kwa nini asipime kimo cha theluji akagawanya tu? Kwa sababu theluji haifanani. Inchi 10 zaweza kutoa inchi moja ya maji. Lakini ikiwa nyepesi kama sufi, hazitoi hata nusu yake. Mkulima angojaye maji hayo katika mto wake wakati wa kiangazi hawezi kutosheka na kubahatisha.

Nje ana ubao mweupe uliolazwa chini. Hupima kimo cha theluji mpya juu yake, huusafisha, kisha huuweka tena juu ya theluji ya zamani kungoja ya kesho. Na ikiwa zimeanguka chembe chache zisizopimika, haandiki sifuri. Ana alama yake maalumu ya kuonyesha kwamba kitu kilianguka ingawa hakikupimika. Sifuri ni habari moja, chembe kidogo ni habari ya pili, na nafasi tupu ni habari ya tatu: leo hakuna aliyesoma.

Kipimajoto chao cha zamani cha kupimia baridi ni sawasawa na hivi vyetu. Ndani ya spiriti mna kijiti kidogo. Baridi ikizidi, spiriti hurudi nyuma na kukivuta kijiti pamoja nayo; joto likirudi, spiriti husonga mbele na kukiacha kijiti pale pale kilipofika. Asubuhi mpimaji husoma kilipo kijiti, kisha huinamisha kipimajoto ili kirudi mwanzo. Tarehe 20 Januari, 1954, karibu na Rogers Pass katika jimbo la Montana, mpimaji mmoja wa kujitolea aliyekaa penye mgodi alikuta baridi imepita chini ya alama ya mwisho iliyochorwa kwenye kipimajoto chake, nayo ilikuwa nyuzi 65 za Farenhaiti chini ya sifuri. Angaliweza kuandika 65 akarudi kujifunika blanketi. Aliandika alichokiona, na kipimajoto chenyewe kikapelekwa kukaguliwa. Mabingwa wakapima, wakakubali nyuzi 69.7 chini ya sifuri, yaani nyuzi 56.5 za Sentigredi. Mpaka leo hakuna baridi iliyo kali kuliko hiyo katika vitabu vya majimbo 48 yanayopakana ya nchi ile.

Lakini aliyetugusa mioyo zaidi ni mkulima mmoja mfugaji wa kuku, jina lake Richard Hendrickson, wa Bridgehampton katika jimbo la New York. Alianza kupima mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 18. Mwaka 2014, alipokuwa na miaka 101, serikali ilimpa heshima ya kuwa mpimaji wa kwanza kutimiza zaidi ya miaka 80 ya kazi hiyo. Yeye alikuwa ametimiza 84. Vipimo alivyoviandika vilihesabiwa kuwa zaidi ya 150,000. Alifariki mwaka 2016. Fikirini, ndugu, ni asubuhi ngapi katika hizo zilikuwa za kawaida tu, hazina dhoruba wala ajabu yo yote, naye alivaa koti akatoka.

Liko funzo jingine la Marekani ambalo makarani wetu yawapasa kulisikia, ingawa ni gumu kidogo. Ni habari ya saa. Karani mmoja ametuuliza kama anaweza kusoma saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watu kujaa kwenye mizani. Tuseme Jumatatu alfajiri baridi ni nyuzi 2. Anasoma, anainamisha kipimajoto, na hewa bado ni nyuzi 2. Basi kijiti kinabaki pale pale. Jumanne alfajiri hewa ni nyuzi 7, lakini kijiti kitasema 2, maana hakikupata sababu ya kusogea. Baridi moja imeandikwa mara mbili. Huko Marekani wapimaji wengi walikuwa wakisoma jioni, na katika miaka iliyofuata wakahamia asubuhi, kwa kuwa vipimo vya mvua vya asubuhi vilifaa zaidi kwa watazamao mafuriko. Kwa ajili ya kuhama huko peke yake, vitabu vikaonyesha kana kwamba nchi imepoa, na wataalamu wamefanya kazi kubwa ya kuisahihisha. Kwa hiyo saa yetu ni saa tatu, jua likiwa limekwisha kupasha hewa, na itabaki saa tatu.

Twajua jibu la vijana wetu: siku hizi kuna setilaiti, na habari za hewa zimo katika simu ya kila mtu. Ni kweli, nasi wenyewe twazitumia kila juma, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa umetuokolea mazao mara nyingi. Setilaiti huona mawingu na upana wa nchi. Bonde lako lililo nyuma ya kilima cha jirani, na hewa iliyolala juu ya viazi vyako saa kumi na moja alfajiri, haliwezi kukusomea kama kisomavyo kipimajoto kilichopo pale. Hata hao wenye setilaiti wanahitaji namba za vituo vya ardhini ili wajue kama chombo chao kinasema kweli.

Wataalamu wa hali ya hewa duniani hutumia miaka 30 kupatia wastani wa mahali. Sisi tuna kumi, na mmoja wao una Juni ya uongo. Tukifunga vipimo miezi ya kipupwe, baada ya miaka 20 ijayo watoto wetu watakuwa na daftari zuri la mvua, na juu ya jalidi watauliza wazee kama tuulizavyo sisi: ilikuwa mwaka ule alipozaliwa fulani.

Kwa hiyo Kamati inaomba mambo haya yakubaliwe. Vipimo visomwe mwaka mzima. Kila kituo kiwe na msomaji wa pili, mwanachama au mwalimu wa shule iliyo karibu, wa kushika nafasi karani augupo. Asiyesoma aache nafasi tupu, na asiulizwe kwa ukali. Mjumbe wa Kamati atembelee kila kituo mara moja kwa mwezi bila kutoa taarifa. Na vyama viwili vya bondeni vinunuliwe kipimajoto kimoja kimoja cha kulazwa karibu na majani, ili tujue tofauti iliyopo kati ya sanduku na shamba. Gharama yake Mhazini ameileta katika karatasi mlizogawiwa. Si kubwa, lakini si bure, na mwenye kuipinga asimame aipinge.

Madaftari yote ya miaka kumi yamewekwa juu ya meza karibu na mlango, pamoja na lile la mwezi wa Juni tulilolitaja. Hatukulichana wala hatukulisahihisha. Tumeandika pembeni kwa penseli kwamba namba zile zisitumike. Mwanachama ye yote anaweza kulifungua kabla ya kura.