Majaribio ya Kazi Yana Mwisho
(Mazungumzo kwa kamati za vikundi)



Leo hatusemi juu ya mbuzi wala matangi. Tunasema juu ya yule kijana anayesaga mahindi yenu, yule mwalimu wa nasari, na mlinzi wa bomba la maji. Hao mmewaandika kazi. Kwa hivyo mbele ya sheria nyinyi ni mwajiri, hata kama ofisi yenu ni kivuli cha mwembe.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulimwandika kijana kwenye mashine yetu ya kusaga tukamwambia, "Kwanza tutakuangalia miezi 3." Ikawa 6, ikawa mwaka na nusu. Kila akiuliza barua tulimjibu, "Kamati bado haijakaa." Tuseme ukweli, kamati ilikaa mara nyingi, lakini jambo lake liliwekwa mwisho, na watu huanza kuondoka kabla ya mwisho. Halafu tukapata mtu wa kukubali mshahara mdogo. Tukamwambia huyu wa kwanza ati hajapita majaribio, tukampa pesa za siku 7, tukadhani yamekwisha. Yeye akaenda kwa Afisa wa Leba.

Huko ndiko tulikofunguliwa macho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 42, inasema majaribio yasizidi miezi 6. Mwajiri akiwa bado na shaka anaweza kuongeza mingine, isiyozidi 6, lakini mpaka mfanyakazi mwenyewe akubali. Zaidi ya hapo ni marufuku kumweka mtu katika majaribio. Kifungu hicho hakitaji kwamba siku inayofuata mtu amethibitishwa. Hata hivyo, katika kesi kadhaa mahakama zetu zimeona kwamba aliyeachwa aendelee na kazi na kulipwa baada ya muda kwisha amethibitishwa, hata bila barua.

Sasa oneni hesabu ilivyotugeukia. Notisi ya siku 7 ni ya mtu aliye katika majaribio. Aliyethibitishwa na kulipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 au mshahara wa siku hizo, na hafutwi bila sababu ya haki wala bila kusikizwa. Tena alikuwa amepitisha mwaka mzima bila likizo, na sheria inampa siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Tulipatana pale ofisini, tukalipa. Zilikuwa pesa za mabati ya stoo. Stoo bado ina turubali.

Hata aliye katika majaribio msimfukuze ovyo. Mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama ya leba walisema kwamba kumnyima nafasi ya kujieleza ni kinyume cha Katiba.

Mama mmoja ametuuliza pale mlangoni, "Na wetu je, ambaye ni kibarua tu?" Mama, kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinamhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi. Kumwita kibarua hakubadilishi kitu.

Kazi ya miezi 3 au zaidi iandikwe. Karatasi isikose jina, kazi, mshahara, siku ya kuanza, na siku ya mwisho wa majaribio. Kabla ya siku hiyo mwiteni, mwambieni wazi: amethibitishwa, ama anaongezewa muda na atie sahihi, ama mnaachana kwa notisi. Msingoje mkutano wa mwaka. Mkikosa karatasi na kesi ikaja, ni juu yenu kuthibitisha mlivyopatana, si juu yake. Nanyi vijana mlioajiriwa, msifute ujumbe wa M-Pesa wa mshahara.

Chai iko tayari, tunaiona. Lakini kwanza makatibu watoe vitabu, watusomee kila mfanyakazi wa kikundi aliingia tarehe gani.