Kichwa na Mikono
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya useremala, kazi niliyoanza kujifunza nikiwa na umri wa miaka 41, baada ya miaka mingi ya kushika kalamu na mafaili.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimekunjwa nikiwa mkavu, na sikuvunjika. Kila Jumamosi nilikwenda kwa fundi wa mtaani kwetu, ambaye masomo yake yaliishia darasa la saba. Alinianzisha kwa randa, kisha patasi. Alinifundisha kwamba ubao ukikauka husinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, na ukipata unyevu hutanuka vivyo hivyo. Asiyelijua hilo hutengeneza mlango utakaokwama wakati wa masika. Chuo Kikuu sikuyasikia hayo.

Jirani na karakana hiyo walishinda vijana wanne. Walikuwa wamemaliza kidato cha nne wakakosa nafasi ya kuendelea, na wazazi wao hawakuwa na ada ya chuo. Kwa idhini ya fundi, niliwakaribisha tufanye kazi pamoja.

Siku moja tuliunda fremu ya dirisha. Nilimwambia mmoja wao apime kutoka kwenye pembe sentimeta 60 upande mmoja na 80 upande wa pili, kisha apime baina ya alama hizo mbili. Ikiwa 100, pembe ni mraba. Akapata 98. Akaigonga fremu taratibu, akapima tena, mpaka ikatimia 100. Akanitazama, akauliza: "Mzee, hii si ile Pythagoras niliyofelia?"

Ndiyo ile ile, ndugu zangu. Akili alikuwa nayo siku zote.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zetu zisitenganishe masomo na kazi. Njia bado iko wazi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazi mitaani. Kijana akiiva mikononi mwetu, anaweza kupata cheti.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naleta ombi. Karakana ya shule hii ifunguliwe kila Jumamosi kwa vijana wa kata. Chama chetu kinunue misumeno, randa na jiliwa. Tena, kila mmoja wetu atoe Jumamosi moja kwa mwezi, maana randa peke yake haimfundishi mtu. Mwenye ujuzi wa kuchomelea, kushona au umeme aje afundishe. Asiye nao aje ajifunze. Vijana wakituona sisi wenye mvi tunashika msumeno kwa mara ya kwanza, hawataona haya kuanza.