Gurudumu la Mbele Lililotulia

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya gari lililokwama matopeni, na juu ya jambo tulilojifunza tukiwa tumekwama nalo.

Ilikuwa Novemba 1997, wakati wa zile mvua za El Niño zilizobomoa barabara na madaraja mengi nchini Kenya. Tulikuwa katika pikapu ya kanisa letu. Mbele, kando ya dereva, aliketi mama mmoja amempakata mtoto wake mwenye homa kali. Sisi watatu tulikuwa nyuma, chini ya turubai. Tulikuwa tukienda hospitali.

Njia ile hupita penye udongo mweusi, ule ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na ukinyeshewa hunata kama ugali. Lakini hatukuogopa. Gari letu lilikuwa fowili, yaani laweza kusukumwa na magurudumu yote manne. Tulijisemea, "Hili halikwami."

Basi, lilikwama. Dereva alivuta ule mti mdogo wa kutia fowili, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma, magurudumu ya nyuma yakaturushia matope usoni, na gari likazidi kuzama. Ndipo midomo ikaanza kazi. Mmoja wetu alisema dereva hajui kuendesha. Mwingine alisema tope ni refu mno. Wa tatu alisema giaboksi imekufa. Dereva alinyamaza. Mtoto alikuwa akilia.

Akapita mzee mmoja na jembe begani. Alitutazama, akauliza, "Vijana wangu, mmeyatazama magurudumu ya mbele?"

Ndugu zetu, hakuna aliyekuwa ameyatazama! Tulisimama kando, mbali na gari, tukamwomba dereva atie gia polepole. Tukaona wazi: ya nyuma yalizunguka, ya mbele yote mawili yalitulia kama mawe. Tukainama tena, tukaona propela ya mbele inazunguka. Basi nguvu ilikuwa imetoka kwenye giaboksi, ikafika kwenye difu ya mbele, lakini haikufika kwenye magurudumu. Tulikwangua matope kwenye habu. Habu ya kulia ilikuwa imefungwa sawasawa. Ya kushoto ilikuwa imeachwa huru.

Labda utauliza, kama habu moja imefungwa, mbona lile gurudumu lake halikuvuta? Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Upande wa kushoto chuma kilizunguka bure, hakikushikamana na gurudumu lolote. Na kwa sababu hiyo upande wa kulia, uliokuwa tayari kufanya kazi, haukupata nguvu. Habu moja tu iliyoachwa iliyafanya magurudumu mawili kuwa mzigo.

Nani aliiacha? Juma moja kabla ya safari, mmoja wetu alikuwa amelifungua gurudumu lile ili tairi lizibwe pancha, akaigeuza habu, akasahau kuirudisha. Naye ndiye aliyempigia dereva kelele kuliko wote. Alikiri mbele yetu. Sote tulimwomba dereva radhi, maana sote tulikuwa tumemlaumu.

Tukaifunga habu, tukachimba mbele ya magurudumu, tukaweka jeki juu ya ubao, tukatandika matawi. Gari likatoka. Tulifika hospitali jioni, mtoto akatibiwa, akapona. Lakini saa mbili alizolia pale njiani hatujazisahau.

Tangu siku ile tumejifunza kutafuta kosa kwa utaratibu. Kwanza, acha kukanyaga mafuta. Kuzungusha magurudumu bure ni kuchimba kaburi la gari. Pili, mtu asimame kando atazame ni gurudumu gani linazunguka. Ukiona moja la mbele na moja la nyuma yanateleza, fowili yako ni nzima. Hiyo ni tabia ya difu, nawe watafuta matawi na mawe. Ukiona ya mbele yote yametulia huku propela ya mbele yazunguka, anza na habu, kisha ndani ya ekseli. Na ikiwa propela yenyewe haizunguki, kosa liko kwenye ule mti wa kutia fowili, au ndani ya giaboksi yake ndogo. Anza na kilicho rahisi na kilicho karibu, kabla ya kumwita fundi afungue kilicho mbali.

Tena, ukiisha kutoka matopeni, usidhani mambo yamekwisha. Tazama oili ya difu. Ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ibadilishe kabla hayajala meno ya gia. Na wakati wa kiangazi, pima fowili yako penye mchanga au changarawe, si kwenye lami kavu, maana huko vyuma hukazana na kuumia.

Wapenzi, sisi tulikaa na kosa lile juma zima bila kulijua, kwa kuwa njia ilikuwa kavu. Matope hayakuiharibu habu yetu. Matope yalituonyesha tu ilivyokuwa. Ndivyo ilivyo nyumbani, na ndivyo ilivyo katika ushirika wetu. Shida ikija twailaumu shida, au twamlaumu aliyeshika usukani. Kumbe huenda mmoja wetu yumo garini pamoja na wengine, lakini hakushikamana nao, na nguvu ya wenzake yapotea kupitia kwake. Tena huenda ndiye anayepiga kelele.

Kwa hiyo juma hili, kabla hujamnyoshea mwenzako kidole, inama kwanza, ukwangue matope, utazame upande wako. Na ukikuta kosa ni lako, liseme mapema. Kuna mtoto anayelia huku sisi tukibishana.

Bwana atusaidie kushikamana. Hadi juma lijalo, kwaherini.