Nyumba Uliyoiacha na Karatasi ya Bima

[Muziki wa mwanzo, kisha unashuka]

Wewe uliyeko kambini Metuge, wewe uliyeko Corrane, na wewe uliyehifadhiwa na ndugu zako hapo Pemba, sogea karibu na redio. Na kama umeshika karatasi ya kipindi hiki, msomee na jirani asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza juu ya bima ya nyumba. Najua kuna atakayecheka: "Mimi nalala chini ya turubai, wewe waniambia bima?" Subiri kidogo, mama. Wako wanaorudi Palma na Mocímboa da Praia kujenga upya, na wanauliza kama kuna njia ya kuikinga nyumba. Wako pia wanaofuatwa na watu wenye fomu mkononi, wakiambiwa watoe pesa ili nyumba iliyoungua ilipwe. Wote hao mazungumzo haya yanawahusu.

Bima unaifahamu tayari kwa sura nyingine. Mnapochangiana kwa ajili ya mazishi, kila mtu hutoa kidogo, na aliyefiwa ndiye anayesaidiwa. Kampuni ya bima hufanya kazi hiyo kwa watu wengi wasiojuana: unalipa ada kila mwaka, na nyumba ikipata balaa lililoandikwa kwenye mkataba, wanakulipa. Wenye shaka ya riba na kamari wana haki ya kuuliza. Kwa ajili yao kuna takaful, bima ya kuchangiana kwa taratibu za Kiislamu. Kampuni ya namna hiyo ilianza Sudan mwaka 1979, na Kenya wanayo tangu 2011.

Sasa shika neno hili: balaa lililoandikwa. Lisiloandikwa halilipwi, hata ulie namna gani.

Kumbuka Kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019. Upepo ulianza, ukang'oa mapaa Ibo, Matemo na Macomia. Siku zilizofuata mvua ikaijaza mitaa ya Pemba maji. Kwako wewe hiyo ni dhoruba moja. Kwa mwenye bima yanaweza kuwa mambo mawili: upepo kifungu chake, mafuriko kifungu chake. Mtu anaweza kulipwa paa lililopeperuka, na jirani yake, ambaye maji yalimwangushia kuta, asipate kitu. Kwa hiyo ukipewa mkataba siku moja, anza na ukurasa unaosema wasichokilipa. Na kama umeandikwa kwa Kireno usichokielewa, usitie sahihi mpaka mtu wako, si mtu wao, amekusomea.

Uliza pia kuhusu makuti. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti, kampuni nyingi huikataa au huitoza ada kubwa, kwa kuogopa moto. Uliza na habari ya nyumba isiyokaliwa. Mikataba mingi huacha kuilinda nyumba iliyokaa tupu siku nyingi, na sisi tunajua nyumba zetu zimekaa tupu muda gani.

Tena usiidanganye thamani ya nyumba ili ada ipungue. Tuseme kuijenga upya kunahitaji metikali 800,000, wewe ukaandikisha 400,000. Upepo ukaharibu paa, hasara ni 100,000. Utadhani utalipwa zote. Kwa mikataba mingi utapata 50,000, kwa sababu uliikinga nusu ya nyumba, basi unalipwa nusu ya hasara. Na hapo hawajaondoa ile sehemu ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe.

Tuje kwenye jambo linalouma. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi vita. Moto wa jiko unalipwa. Moto uliowashwa na wenye silaha hauko humo. Haikutungwa kwa ajili yetu. Vita vya Hispania vilipoanza mwaka 1936 na ndege zikabomoa miji, wenye bima wa London waliona kwamba vita vikiingia mjini nyumba zinaanguka zote kwa pamoja, na hakuna mfuko unaoweza kulipa. Wakakubaliana kutokinga vita vya nchi kavu. Ndiyo maana mwaka 1941 serikali ya Uingereza ilibidi itunge sheria yake yenyewe ya fidia ya majengo yaliyopigwa mabomu. Kinga ya ugaidi ipo, lakini huuzwa kando, na wanunuzi wake ni makampuni makubwa.

Kwa hiyo mtu akikujia kambini akisema, "Nipe metikali 500 nikuandikishe bima, nyumba yako iliyoungua Palma mwaka 2021 italipwa," usimpe. Hakuna bima inayonunuliwa baada ya nyumba kuungua. Kampuni ya kweli Msumbiji lazima iwe na kibali cha taasisi ya serikali inayosimamia bima, ISSM, na itakupa risiti. Kuandikishwa kwa ajili ya msaada nako hakulipiwi.

Basi mikononi umebaki na nini? Umebaki na haki ya ardhi, na hiyo haikuungua. Sheria ya Ardhi namba 19/97 inasema ardhi ni ya serikali, lakini haki ya kuitumia, ile tunayoiita DUAT, unaipata kwa kukaa kwa desturi za jamii yako, au kwa kukaa kwa nia njema miaka 10. Hata kama hukuwahi kuandikishwa, haki hiyo ipo. Na sheria inakubali ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume kwa wanawake. Mama mjane, hapo umetajwa na wewe. Haki hupotea mwenyewe akiikana, na kukimbia risasi si kuikana.

Lakini mashahidi huzeeka, wengine hufa. Ndugu zetu wa Burundi walioko Maratane wanajua habari hii: wazee waliokimbia mwaka 1972 walirudi baada ya miaka thelathini na zaidi, wakakuta wengine wanalima mashamba yao, na kesi zikawa nyingi mpaka ikaundwa tume.

Fanya hivi wiki hii. Tafuta daftari. Andika kijiji, na jina la mwenye mpaka nawe kila upande. Andika nyumba: vyumba vingapi, kuta za nini, paa la nini, ilijengwa mwaka gani. Kisha hesabu miti: minazi, mikorosho, miembe. Watu wa Quitupo walipohamishiwa Quitunda kwa ajili ya mradi wa gesi, mashamba na miti yao iliorodheshwa, kwa hiyo usione haya kuhesabu mnazi. Kama una picha ya harusi au ya Idi iliyopigwa barazani, ukuta ukaonekana nyuma, itunze. Mtumie na mwanao aliye mbali ili isipotee na simu moja. Halafu waombe majirani wawili wa zamani, mmoja awe mwanamke, na kiongozi wenu wa kijiji kama yupo kambini, waweke sahihi au kidole gumba. Andika tarehe.

Daftari liwe ndani ya mfuko wa plastiki, juu, pasipofika maji ya mvua. Nakala mpe mtu mwingine wa nyumba yako, na watoto waambie liko wapi.

[Muziki unapanda]