Kikombe cha Gololi Kilichoganda Ndani ya Fremu



Mwaka 1872 Dkt. Livingstone alikaa hapa Kwihara hadi mwezi Agosti akingojea wapagazi kutoka pwani. Mizigo ilikuwapo, mabega ya kuibeba ndiyo yaliyokosekana. Bega la mkulima wa Unyanyembe leo ni baiskeli, nayo ikilala, asali na tumbaku hulala pia.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa ni ule wa ekseli ya pedali. Maji ya masika huingia penye nguzo ya kiti, huteremka ndani ya bomba, na kutuama chini kabisa, palipo na gololi. Grisi huisha, kutu huingia katika nyuzi, na vikombe viwili vinavyoshika gololi hugandamana na fremu. Fundi asiye na subira hushika tindo na nyundo. Nyuzi za fremu zikikatika, hasara si ya kikombe tena bali ya fremu nzima.

Kwanza zitolewe kotapini, mkono wa pedali ukiegemezwa juu ya gogo ili pigo lisiumize gololi. Kikombe cha kushoto hakina taabu: ringi yake hufunguliwa, kisha chenyewe, kinyume cha mwendo wa saa. Ekseli na gololi zitoke.

Taabu ipo upande wa mnyororo. Katika baiskeli za Raleigh, na zile za India na China zilizofuata mtindo wa Kiingereza, nyuzi za kikombe hicho zimegeuzwa: hufunguka kwa KUFUATA mwendo wa saa. Wengi hukikaza kwa nguvu zao zote huku wakidhani wanakifungua!

Fremu ilazwe, nyuzi zimwagiwe mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, kwa ndani na kwa nje, ziachwe usiku kucha. Asubuhi bomba limwagiwe maji yanayochemka. Moto usikaribishwe penye mafuta hayo. Penye jiliwa, bapa mbili za kikombe zibanwe humo, kikombe kikiwa chini, na fremu yenyewe izungushwe kama usukani, nayo kwa kufuata mwendo wa saa.

Pasipo jiliwa, itafutwe boliti nene yenye nati na washa mbili pana. Boliti ipite katika tundu la kikombe, kichwa kikiwa nje, washa moja nje na nyingine ndani. Nati ishikwe kwa spana hadi kikombe kibanwe barabara, kisha iachwe, na kichwa kiendelee kukazwa. Kwa kuwa nyuzi za kikombe zimegeuzwa, kuikaza boliti ndiko kukifungua kikombe.

Anayekwenda Tabora mjini kununua kipya achukue kile cha zamani mkononi. Raleigh nyingi za zamani zina nyuzi 26 kwa inchi, nyingine 24. Kikombe kisicho chake huingia mizunguko miwili, kisha hula fremu. Nyuzi zipakwe grisi kabla ya kufungwa.