Foleni ya Daktari wa Ngozi: Usikae Kimya

Maneno yaliyosemwa katika kikao cha familia zilizofika Uingereza

Mliokuja na watoto, waacheni wacheze, hawatusumbui.

Leo tuzungumze juu ya ngozi. Wengi mnauliza: "Nimemwonyesha GP ngozi yangu, akasema nisubiri barua ya hospitali. Mbona miezi inapita?" Wengine mnadhani ni kwa sababu ya ugeni wetu. Hebu tuone mambo yanavyokwenda.

Hapa huwezi kujipeleka mwenyewe kwa daktari bingwa wa ngozi katika hospitali ya NHS. GP ndiye anayekuandikia rufaa. Kule hospitali mabingwa wa ngozi ni wachache kuliko kazi iliyopo, na nafasi nyingi za kazi hiyo hazina mtu. Hao hao wachache ndio wanaotibu pumu ya ngozi na chunusi kali, na ndio wanaokata vipande vya ngozi kuvipima saratani. Kwa hiyo kuna foleni mbili. Ya haraka ni ya wanaoshukiwa kuwa na saratani: katika England lengo ni mgonjwa apewe jibu ndani ya siku 28. Ya kawaida, lengo ni kuanza matibabu ndani ya wiki 18 tangu rufaa, lakini wengi, wenyeji kwa wageni, husubiri zaidi.

Foleni yako inategemea unachosema na unachoonyesha. Siku hizi mara nyingi ngozi hupigwa picha ikatumwa kwa bingwa, naye akaamua kabla hajakuona. Basi shikeni mambo haya matano.

La kwanza, ombeni mkalimani mnapopanga miadi. Hamlipi chochote. Msimtumie mtoto, kuna mambo ya mwili wa mama ambayo mtoto hapaswi kuyabeba.

La pili, elezeni ngozi yetu ilivyo. Vitabu vingi vya udaktari vimejaa picha za ngozi nyeupe, ambako ugonjwa huonekana mwekundu. Kwetu huweza kuonekana mweusi zaidi, wa kijivu au wa zambarau. Ukiulizwa kama pamekuwa pekundu, usijibu "hapana" ukanyamaza. Sema: "Pamekuwa peusi, pamevimba, panawasha, usiku silali."

La tatu, vueni viatu na soksi mbele ya daktari. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma ni nadra kwa watu weusi, lakini mara nyingi hugunduliwa ikiwa imechelewa, kwa sababu hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aliugua ya namna hiyo kwenye kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Mistari myeusi kwenye kucha ni ya kawaida kwa wengi wetu. Lakini mstari mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kugusa ngozi, au kidonda cha unyayo kisichopona, usiungoje. Nenda kwa GP wiki hiyo hiyo.

La nne, semeni ukweli kuhusu mkorogo. Daktari hakuja kukuhukumu. Baadhi ya mafuta ya kujichubua yana zebaki, ambayo hudhuru figo na mtoto aliye tumboni. Mengine yana steroidi kali. Akijua unachopaka ataelewa anachokiona. Nenda na kopo lenyewe. Na kama umetumia steroidi kwa muda mrefu, muulize namna ya kuacha, maana ukiacha ghafla ngozi inaweza kuwaka vibaya.

La tano, barua. Sisi tunahamishwa nyumba mara kwa mara, na barua ya miadi hubaki mlango wa zamani. Usipofika, hospitali inaweza kukurudisha kwa GP uanze upya. Ukihama, peleka anwani na namba mpya ya simu kwa GP na kwa hospitali. Barua ya Kiingereza usiitupe. Ilete ofisini tuisome pamoja.

Kuhusu fedha: mkimbizi halipi kumwona GP wala bingwa wa NHS. Dawa za kuandikiwa hulipiwa katika England, ila watoto chini ya miaka 16 hawalipi, na wenye kipato kidogo wanaweza kuomba cheti kiitwacho HC2. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa hizo ni bure.

Mwisho, kusubiri si kukaa kimya. Hali ikibadilika ukiwa bado kwenye foleni, rudi kwa GP, mwambie kilichobadilika, mwombe aiandikie hospitali tena. Hiyo si fujo wala kukosa shukrani. Ndivyo wenyeji wanavyofanya.

Sasa maswali. Na mwenye jambo la faragha anifuate baadaye, nitakuwepo.